George Carver na Mashamba Yaliyochoka

Katika nchi ya Marekani, upande wa kusini, kuna jimbo linaloitwa Alabama. Zamani sehemu kubwa ya wakulima wake walikuwa watu weusi, wana na wajukuu wa watumwa waliotolewa Afrika. Utumwa ulikomeshwa mwaka wa 1865, lakini njaa na madeni havikukoma. Watu wale walikula unga wa mahindi kila siku, kama watu wa Likasi wanavyokula bukari, na fedha yao ilitoka katika pamba. Lakini mwaka hata mwaka mahindi yao yalizidi kuwa mafupi na ya manjano, na pamba yao ikawa haba. Wengine walisema ni ubaya wa mvua. Matajiri walisema ni uvivu. Aliyewaonyesha kwamba udongo wenyewe ulikuwa na njaa alikuwa mtoto wa mtumwa, jina lake George Carver.

MTOTO ALIYERUDISHWA KWA FARASI

George alizaliwa katika jimbo la Missouri, karibu na kijiji cha Diamond, mnamo mwaka wa 1864. Siku yenyewe haijulikani, maana hakuna aliyejisumbua kuandika kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa. Mama yake, Mary, alikuwa mali ya mkulima Mzungu aliyeitwa Moses Carver. Baba yake alikufa kwa ajali, na George hakumjua kamwe.

Siku zile Wamarekani walikuwa wakipigana wao kwa wao, na wanyang'anyi walizunguka usiku wakiiba watumwa ili kuwauza mbali. Usiku mmoja walivamia shamba la Moses Carver. Wakamchukua Mary pamoja na mtoto wake mchanga, ambaye alikuwa akiugua kifaduro. Moses akamtuma mtu awafuate. Mtu yule akarudi na mtoto peke yake, karibu kufa, akapewa farasi mzuri kuwa malipo yake. Mary hakuonekana tena.

Moses na mkewe Susan wakamlea George na kaka yake Jim. Jim alikuwa na nguvu, akafanya kazi za shamba. George alikuwa mgonjwa mgonjwa, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Kwa hiyo alibaki nyumbani na Bibi Susan, akajifunza kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Kila alipopata nafasi alikimbilia msituni. Huko alikuwa na bustani yake ya siri. Mimea iliyougua aliihamishia huko, akaibadilishia udongo, mara akaiweka kivulini, mara juani, mpaka ikapona. Jirani wakapata habari, wakaanza kumletea maua yao yaliyonyauka. Wakamwita daktari wa mimea, naye hajakanyaga shule bado.

SAFARI YA KUTAFUTA SHULE

Shule ya Diamond ilikuwa ya watoto weupe tu. Shule ya watoto weusi ilikuwa katika mji wa Neosho, mwendo wa kilomita 13 hivi. George akaenda huko kwa miguu, hana fedha, hana ndugu, akalala ghalani mwa watu asiowajua. Asubuhi mwenye nyumba, Mama Mariah Watkins, akamkuta. Alikuwa mkunga na dobi, naye hakuwa na mtoto. Akampokea pamoja na mumewe Andrew. Wakati wa mapumziko George alikuwa akikimbia nyumbani, akifua nguo huku kitabu kimesimamishwa mbele yake, kisha anarudi darasani kengele ikilia.

Baada ya muda alijua yote aliyoyajua mwalimu wa Neosho. Akaenda jimbo la Kansas, akawa anatembea mji kwa mji, akipika na kufua nguo za watu ili apate ada ya shule. Mwaka wa 1879, katika mji wa Fort Scott, aliona kwa macho yake kundi la Wazungu likimwua mtu mweusi pasipo hukumu. Akauacha mji ule.

Katika mji mwingine alikuta mtu mwingine aitwaye George Carver, na barua zao zikawa zinachanganyika. Ndiyo sababu akajiongezea herufi W katikati ya majina yake. Baadaye watu walisema ni W ya Washington, naye akawaacha waseme.

Alipomaliza masomo ya kati aliandika barua kwenye chuo kimoja cha Kansas, akajibiwa kwamba amekubaliwa. Alipofika mlangoni na watu wakaona rangi ya ngozi yake, alifukuzwa. Akaenda kulima peke yake katika mbuga, akiishi katika nyumba aliyoijenga kwa mabonge ya udongo wenye nyasi. Ilikuwa mwaka wa 1890 tu, akiwa na umri wa miaka 26 hivi, alipopokelewa katika Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa. Alikwenda kujifunza kuchora na kupiga kinanda. Mwalimu wake wa kuchora, Bibi Etta Budd, aliona kwamba kijana huyu anachora mimea kama mtu anayeijua tangu ndani, akamshauri aende chuo cha kilimo katika mji wa Ames. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa amesoma pale mbele yake. Akapata shahada ya kwanza mwaka wa 1894, na ya pili mwaka wa 1896.

TUSKEGEE

Mwaka huo wa 1896 akapata barua kutoka Alabama. Mwandishi wake alikuwa Bwana Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa yeye pia, ambaye tangu mwaka wa 1881 alikuwa akiongoza shule ya watu weusi mahali paitwapo Tuskegee. Hakuwa na utajiri wa kumwahidi. Alimwahidi kazi, na kazi nyingi. Carver akakubali, akafika mwezi wa Oktoba.

Alilolikuta lilimhuzunisha. Pamba ilipandwa kila mahali, hata karibu na milango ya nyumba, pasiwe na nafasi ya bustani. Ardhi ilikuwa ya matajiri. Wakulima waliilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mbegu, jembe na unga walivichukua dukani kwa deni. Baada ya mavuno deni lilipolipwa, mara nyingi hakikubaki kitu. Na mwenye deni hakupewa nafasi ya kuchagua zao: alitakiwa kupanda pamba, kisha pamba tena.

Mtoto wa Likasi anayeijua migodi ya Kambove na Shituru ataelewa upesi. Kulima pamba kwa namna ile kulikuwa kama kuchimba mgodi. Kila mwaka kitu kilitolewa ardhini, wala hakikurudishwa. Shaba ikikwisha, mgodi hufungwa na wachimbaji huenda penginepo. Lakini wakulima wa Alabama walikuwa hawana mahali pa kwenda.

CHAKULA CHA MAHINDI

Ni kitu gani kilichotolewa ardhini? Vitu vingi, na kimoja chao ni azoti, ambayo katika nchi nyingine huitwa nitrojeni. Mmea hujenga majani yake mabichi kwa azoti. Mahindi ni mlaji mkubwa wa azoti. Katika kila tani moja ya mahindi makavu yanayotoka shambani, kilo 15 hivi za azoti zimetoka pamoja nayo. Mahindi huitaka zaidi tangu yanapofika magotini mwa mtu mzima mpaka yanapotoa maua. Yasipoipata, majani ya chini hugeuka manjano, kuanzia nchani na kufuata mshipa wa katikati, maana mmea wenye njaa huyanyang'anya majani ya zamani ili kulisha majani mapya. Mhindi wa namna hii huzaa gunzi dogo lenye mapengo.

Cha kushangaza ni hiki, azoti imejaa kila mahali. Katika sehemu 100 za hewa, sehemu 78 ni azoti. Mahindi yanasimama ndani yake mchana na usiku, yanapigwa nayo na upepo, na bado yanakufa njaa kwa kuikosa, kwa sababu hayawezi kuichukua hewani. Huichukua kwa mizizi tu, ikiwa imekwisha kuyeyuka katika maji ya udongo.

Lakini iko mimea inayoweza. Ukiing'oa kunde au karanga polepole, na kuiosha mizizi yake, utaona vinundu vidogo vya mviringo. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Ndani ya kinundu wanaishi bakteria, viumbe vidogo mno wasioonekana kwa macho. Kunde huwalisha sukari yake, nao huichukua azoti ya hewa na kuifanya chakula cha kunde. Siri hii ilielezwa na mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Hellriegel mwaka wa 1886, na mwaka wa 1888 Beijerinck wa Uholanzi akawapata bakteria wenyewe. Basi haikuwa Carver aliyeivumbua, wala hakujisifia jambo hilo. Wakulima wa Afrika nao walikuwa wakipanda kunde na nafaka pamoja tangu kale pasipo kujua jina la azoti. Kazi ya Carver ilikuwa nyingine: kuichukua elimu hiyo iliyokaa katika vitabu vya wakubwa, na kuifikisha kwa mtu asiyejua kusoma, mwenye nyumbu mmoja na deni dukani.

NGUO YA SHAMBA

Serikali ya jimbo ilimpa dola 1,500 kwa mwaka ili afanye majaribio ya kilimo. Zilikuwa fedha kidogo kwa kazi ile. Vyombo hakuwa navyo. Akawatuma wanafunzi wake kwenye jalala, wakarudi na chupa zilizovunjika, vifuniko vya sufuria na vipande vya waya, akatengeneza navyo chumba chake cha sayansi. Shamba alilopewa lilikuwa baya, lenye mchanga na makorongo. Wanafunzi waliokuja Tuskegee ili waepukane na jembe hawakufurahi kupewa ndoo na kutumwa kwenda kuchota matope meusi ya bwawani na majani yaliyooza ya msituni.

Carver alipanda kunde kwanza. Hazikuwa zao la kuleta fedha, na watu walimcheka. Baada ya kuvuna punje, mabua na majani yalilimiwa ndani ya udongo. Akafuata viazi vitamu, kisha pamba. Pole pole udongo ukawa mweusi zaidi, ukashika maji, na mazao yakaongezeka kuliko ya jirani zake. Mwaka wa 1903 akaandika kijitabu juu ya kunde, na mwaka wa 1905 kijitabu kingine juu ya kuuponya udongo uliochoka. Aliandika kwa maneno mepesi, akimfikiri mkulima, mwalimu wa shule na mama wa jikoni.

Jambo moja linastahili kuelezwa vizuri, maana ndilo linalosahauliwa na wakulima wengi hata leo. Katika Alabama kuna majira ya baridi, toka mwezi wa Desemba mpaka Februari. Theluji ni chache, lakini mvua ni nyingi. Baada ya kuvuna, mashamba yaliachwa matupu, uchi, na maji ya mvua yalipita yakibeba udongo wa juu, na pamoja nao azoti yote iliyobaki. Mahindi ya mwaka uliofuata yalikuta meza tupu. Dawa yake ni kulivika shamba nguo wakati wa baridi, yaani kupanda mmea wa kufunika udongo. Wengine hupanda rai, nafaka ya jamii ya ngano. Mizizi yake hushika azoti iliyobaki isichukuliwe na maji. Wengine hupanda vechi, mmea mwembamba wenye kufanana na njegere. Vechi hufanya zaidi ya kushika: kwa vinundu vyake huongeza azoti mpya kutoka hewani. Vechi ikistawi vizuri inaweza kuupa udongo kilo 100 hivi za azoti kwa hektari moja. Majuma mawili hivi kabla ya kupanda mahindi hulimiwa chini ingali mibichi, ioze, iyalishe mahindi.

Hapa yuko mtu anayekosea mara nyingi. Huiacha rai mpaka ikauke na kuwa majani magumu, kisha anaifukia na kupanda mahindi papo hapo. Bakteria wa kuozesha wanapokula majani makavu hukosa azoti ya kutosha ndani yake, nao huitwaa ile ya udongo. Mahindi hugeuka manjano, na mkulima hulaumu mbegu. Mmea wa kufunika ufukiwe ukiwa bado laini. Vechi au kunde ni bora kwa mahindi kuliko nyasi.

Katika Katanga ya Juu mambo yamegeuka. Majira ya mashamba kupumzika ni kiangazi, toka mwezi wa Mei mpaka Oktoba, na hakuna mvua ya kuibeba azoti. Huku mwizi ni moto. Mabua na nyasi zikichomwa, azoti iliyokuwamo hupaa pamoja na moshi. Tena huku mbegu haiwezi kuota ikipandwa baada ya mvua kukoma. Kwa hiyo kunde au upupu usiowasha hupandwa katikati ya mahindi mwezi wa Januari au Februari, udongo ungali na maji, ili uendelee kulifunika shamba mahindi yakiisha kuvunwa. Mbaazi nayo hukaa mbichi mpaka kiangazi kinapoingia sana. Carver hakupata kuiona nchi hii, lakini kazi ya vinundu ni moja huko na huku.

GARI LA SHULE

Mtu aliyefungwa na kazi toka alfajiri mpaka usiku hana nafasi ya kwenda shuleni. Basi shule ikamwendea. Mwaka wa 1906 Carver alichora gari la kukokotwa na nyumbu, na wanafunzi wa Tuskegee wakalitengeneza kwa msaada wa fedha za tajiri mmoja wa New York, Bwana Jesup. Ndani yake mlikuwa na plau, mbegu na vyombo vya maziwa. Kijana Thomas Campbell, aliyesoma Tuskegee, akaliendesha kijiji kwa kijiji. Gari lilisimama kwenye shamba la mtu mmoja, jirani wakaitwa, na kazi ikafanywa mbele ya macho yao.

Si wote waliofuata mafundisho. Mwenye kulima shamba la mwingine alijiuliza kwa nini auponye udongo ambao mwakani utapewa mtu mwingine. Na matajiri wengi walikataa kuona kitu kingine shambani ila pamba. Carver aliwaambia wakulima lililowezekana kwa sayansi. Kuivunja desturi ile ya madeni hakukuwa katika uwezo wake, na wako watu waliomlaumu kwamba hakuipinga kwa sauti kubwa zaidi.

Mwaka wa 1910 hivi mdudu mdogo mwenye pua ndefu, fukusi wa pamba, akaingia Alabama akitokea upande wa Mexico. Aliharibu vitumba vya pamba kabla havijafunguka. Watu waliokuwa na pamba tu wakabaki mikono mitupu, na ndipo wengi walipogeukia karanga. Karanga pia ni mmea wa vinundu, tena ni chakula na ni fedha. Mwaka wa 1916 Carver akatoa kijitabu chenye namna 105 za kupika karanga. Mwaka wa 1921 akaitwa mbele ya kamati ya Bunge mjini Washington kuwaelezea wabunge habari za karanga. Alipewa dakika 10. Wabunge wengine walianza kwa kumdhihaki. Dakika 10 zilipokwisha, wakamwambia aendelee apendavyo.

Tangu siku hiyo jina lake likavuma kote. Magazeti yakaanza kuongeza chumvi, yakasema hata siagi ya karanga aliivumbua yeye, jambo ambalo si kweli. Yeye mwenyewe aliamka kabla ya jua, akaenda msituni kusali na kutazama mimea, kisha akarudi kazini na koti lake kuukuu, ua limechomekwa kifuani. Hesabu za ofisi hakuziweza, na Bwana Washington alimkemea mara kadha kwa ajili hiyo. Mshahara wake haukuongezwa kwa miaka mingi, naye hakuomba.

Mwaka wa 1936, akiwa mzee wa miaka 70 na zaidi, aliandika tena kijitabu juu ya udongo na namna ya kuutunza. Akiba yake yote aliitoa kwa ajili ya uchunguzi wa kilimo hapo Tuskegee. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa kando ya kaburi la Booker T. Washington. Katika mwaka huo huo serikali ya Marekani ililitenga shamba la Moses Carver kule Diamond kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa. Mto mdogo ungali unapita pale, na msitu upo, ambamo mtoto George alificha bustani yake ya mimea iliyougua.